Barua ya wazi: Anayekuja kupima aje na kapu

Kwa ofisa unayeshughulikia mipango ya dharura za afya, Mombasa.

Assalamu alaykum, mheshimiwa.

Nakuandikia kabla mlipuko mwengine haujabisha hodi. Tarehe 6 Mei 2020 Mji wa Kale ulifungwa kwa ajili ya korona, Ramadhani imeshafika katikati. Zilitajwa siku 15, kisha zikaongezwa.

Baba yangu mdogo, mwenye sukari, hukaa ghorofa ya tatu huko Kibokoni. Siku moja lilikuja gari la unga na mafuta (la nani, tuyaache) likasimama barabarani, kwani kichochoro chetu hakipitishi hata tuktuk. Vijana wenye nguvu wakabeba. Mzee aliyaona hayo dirishani.

Wapimaji walikuja siku nyingine, peke yao, na wengi hawakutoka kupimwa. Tukaitwa wakaidi. Mtu alikuwa akipiga hesabu zake tu: habari za watu kutozwa pesa za karantini zilishaenea, na akichukuliwa yeye, maziwa ya mtoto atanunua nani?

Kwa hivyo nakuomba chakula na kipimo vifike pamoja. Kapu la kwanza liachwe siku ya kupima, la pili liletwe na majibu, yawe mazuri au mabaya. Tena lipewe kila nyumba iliyopimwa. Likienda kwa wagonjwa peke yao, mtaa mzima utawajua kwa kapu, na kesho hakuna atakayefungua mlango.

Sampuli ya puani huwekwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, isizidi saa 72, basi mwenye kasha la barafu asicheleweshwe na mkokoteni wa unga. Na orodha ya nyumba isitungwe ofisini. Huku nyumba haitafutwi kwa namba. Utaambiwa ni ile yenye mlango wa nakshi, mkabala na msikiti, ghorofa ya juu. Wahudumu wa afya wa jamii wanazijua. Wanajua pia nani yuko eda, hafai kugongewa na mwanamume.

Baba mdogo sasa magoti hayamshushi. Ana kikapu cha kamba, hukiteremsha dirishani kila asubuhi muuza mkate akipita. Mpimaji wenu itabidi apande, na aje na tochi, ngazi zina giza. Unga autie kapuni.

Wako,
Mkazi wa Kibokoni