Risala ya Kikundi cha Mawakala wa Usajili wa Laini, Mtwara, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa meza kuu, wageni waalikwa, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha salama, nawe kwa kuacha majukumu mazito na kuja kwetu kwa mara ya pili.

Kwa ufupi, kikundi kilizaliwa baada ya usajili wa laini kwa alama za vidole kuanza tarehe 1 Mei 2019. Mafanikio ni makubwa: tuna akaunti ya benki, katiba yenye muhuri, miavuli miwili na meza isiyoyumba.

Mheshimiwa, tuje kwenye vifaa vya mkononi vya kusoma vidole. Vinajaribiwa ofisini, chini ya feni, kwa vidole vya makarani. Huku kwetu anakuja mama mbanguaji, mafuta ya ganda la korosho yamemla ncha za vidole. Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, anayo, tarakimu zote 20, lakini mashine inamkataa. Jua la saa saba likipiga kioo, linaizidi taa ya ndani na picha inatoka nyeupe. Kidole kikavu hutoa mistari iliyokatika. Chenye jasho, mistari hugandana ikawa doa.

Ulipofika mara ya kwanza uliahidi kwamba vifaa vingejaribiwa huku kabla ya kununuliwa. Tulipiga makofi mengi. Vilivyoletwa baadaye vilikuwa vilevile, ila rangi mpya.

Ombi letu ni hilohilo, safari hii tumeliandika. Msimu wa korosho, kila aina inayoshindanishwa iletwe vifaa vitano. Wapimwe watu wasiopungua 300, nusu yao wabanguaji, mafundi ujenzi na wazee. Kila mmoja aweke gumba na kidole cha shahada, mikono yote miwili, kivulini kisha juani, kioo kikipanguswa kwa kitambaa kikavu. Ajaribiwe pia kwa namba ya mwenzake, maana mashine inayokubali kila mtu nayo ni mbovu. Betri iachwe ifanye kazi mpaka izime. Walioshindikana kabisa wasifutwe kwenye hesabu. Wakifutwa, ripoti yoyote hung'aa.

Hao 300 hatukuwabahatisha. Wakipita wote, ndipo mtaalamu anaweza kusema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba wanaokataliwa hawazidi 1 kati ya 100. Ukipima 30, utaishia kusema 1 kati ya 10.

Tungefurahi tarehe ya majaribio uitaje leo, kipaza sauti kikiwa mkononi mwako. Katibu ana kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.