Swali kwa watetezi wa neema isiyopingika

Mhariri,

Makala yenu kuhusu neema isiyopingika, yaani fundisho kwamba yule ambaye Mungu ameamua kumwokoa hatimaye huja, iliwatendea haki Wakalvini, wafuasi wa Yohana Kalvini wanaolitetea, kwa jambo moja: haikudai wanafundisha kwamba Mungu humburuta mtu. Kanuni zao za Sinodi (mkutano wa kanisa) ya Dordrecht, Uholanzi, iliyokaa kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619, zinasema wazi kuwa neema haimgeuzi mtu gogo wala jiwe, na haivunji hiari yake. Humpa moyo mpya, naye huja kwa kupenda. Wanaopiga kelele za "sisi si roboti" wanapigana na kivuli.

Mwandishi aliteleza alipodai kwamba Waarminio, wapinzani wa fundisho hilo walioshtakiwa kwenye sinodi hiyo, waliamini mtu hujiokoa. Ibara ya 3 ya hoja zao za 1610 inasema kinyume: bila neema mtu hawezi hata kuwaza jema. Ibara ya 4 inalirudia hilo, kisha inaongeza kuwa neema hiyo yaweza kupingwa, na ushahidi wake ni Matendo 7. Kwa hiyo hakuna anayebishia uhitaji wa neema. Ubishi ni kipi hutangulia: mtu huzaliwa upya ili aamini, kama wasemavyo Wakalvini, au huamini ndipo akazaliwa upya, kama wasemavyo Waarminio?

Katika Matendo 7 hiyo, Stefano aliwaambia wazee wa Baraza la Wayahudi, "siku zote mnampinga Roho Mtakatifu." Jibu la Wakalvini lililozoeleka ni kuugawa mwito: wa nje, wa mahubiri, ambao mtu huukataa, na wa ndani, wa Roho moyoni, usiokataliwa. Wataongeza kuwa aya ya 52 yataja manabii, hivyo kilichopingwa ni maneno yao tu. Sawa, lakini Stefano anasema aliyepingwa humo ni Roho mwenyewe. Mwito wa nje umekuwa kazi ya Roho, na mgawanyo hauna tena pa kusimama katika hotuba ile.

Ngome yao halisi ni Yohana 6:44: hakuna awezaye kuja "asipovutwa na Baba", na Yesu atamfufua siku ya mwisho. Hoja hiyo ni nzito, tusiidharau. Ila aya yasema hakuna ajaye bila kuvutwa. Haisemi kila avutwaye huja. Aya ya 45 inamtaja ajaye kuwa ni yule "aliyesikia na kujifunza kwa Baba", yaani aliyeitikia mvuto huo.

Kinachonisumbua zaidi kimo katika kanuni zao wenyewe za Dordrecht. Sura ya tatu na ya nne, ibara ya 8, inasema wote wanaoitwa na Injili wanaitwa kwa dhati. Mhubiri anapomwambia kila aliyeketi mbele yake "Mungu anataka uje", na mmoja wao hajapewa moyo mpya wala hatapewa, maneno hayo ni kweli kwake kwa maana gani? Mwandishi akijibu kwamba hiyo ni siri ya Mungu, nitampokea. Ila naye asiwakatalie Waarminio jibu hilohilo wakiulizwa kwa nini huyu kaamini na jirani yake hakuamini.

Mwalimu wa Biblia,
Dodoma