Lüchow-Dannenberg haiko Saksonia

Ndugu Mhariri,

Huu ni mwaka wa kumi na moja nalisoma gazeti lako na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Makala ya ukurasa wa 7 kuhusu wilaya ninayoishi imenimaliza uvumilivu.

Mwandishi wako ameiweka Lüchow-Dannenberg "Saksonia, mashariki mwa Ujerumani". Siyo! Iko jimbo la Niedersachsen, na Niedersachsen na Sachsen (ndiyo hiyo Saksonia) ni majimbo mawili tofauti, kama Kigoma na Kigamboni zilivyo mbalimbali. Kosa hilihili mlilifanya mwaka jana katika habari fupi, likatugharimu. Shemeji yangu alikuwa anakuja kutoka Muheza. Nilimtajia jimbo kwa simu, naye akafungua gazeti lenu ili ahakikishe, akakata tiketi ya Dresden. Saa nane mchana simu ikalia: "Shemeji, nimefika, mbona siwaoni?" Alipofika Lüneburg usiku, treni ndogo ya Dannenberg ilikuwa imeshaondoka. Mume wangu akawasha gari kumfuata, watoto wakalala bila kumwona mjomba wao.

Lakini hilo la shemeji ningelimeza. Linaloniuma ni hilo neno "mashariki". Mimi ni muuguzi wa wazee, na wazee ninaowaogesha kila asubuhi waliishi miaka yote ya mgawanyiko wakiwa Magharibi, pande tatu wamezungukwa na mpaka wa Ujerumani Mashariki. Bibi mmoja alizaliwa ng'ambo ya mto Elbe. Siku moja nikimpeleka kwa daktari wa macho aliniomba nisimamishe gari karibu na Dömitz, mji ulio ukingo wa pili wa mto, akanyoosha kidole kwenye daraja la zamani la reli: vipande vya chuma juu ya nguzo vinakuja kimoja baada ya kingine hadi ukingoni mwa mto, halafu vinakatika. Lilipigwa mabomu Aprili 1945 na halikujengwa tena. La magari nalo lilivunjwa siku hizohizo, likarudi 1992. Yaani miaka 47 dada yake alikuwa ng'ambo tu ya mto, naye hakuwa na daraja la kuvukia. Na ni pembe hiihii ya mpaka, yenye watu wachache, ambayo Ernst Albrecht, waziri mkuu wa jimbo, aliichagua mwaka 1977, akakitaja kijiji cha Gorleben kuwa mahali pa kuzikia taka za nyuklia, ndani ya mwamba wa chumvi ulio chini ya ardhi. Watu walikataa. Mwaka 1980 walijenga kijiji cha vibanda juu ya eneo hilo, wakakiita Jamhuri Huru ya Wendland (Wendland ni jina la eneo letu hili), polisi wakakibomoa baada ya mwezi mmoja. Walikataa miaka arobaini na zaidi, hadi Septemba 2020 Gorleben ilipoondolewa kwenye orodha ya mahali panapofikiriwa kuzikia taka hizo. Mwandishi wako anasema taka "zimezikwa chini ya chumvi". Hazikuzikwa! Makasha 113 ya taka hizo yamo ghalani, juu ya ardhi, na wenyeji wanayahesabu.

Halafu eti wilaya "haina historia ya kutajwa". Vijiji vya hapa vimejengwa duara, nyumba zikielekeza milango mikubwa uwanjani, na juu ya mlango boriti imechongwa majina ya mume na mke na mwaka. Waslavi walioishi hapa walikuwa na lugha yao. Mkulima Johann Parum Schultze wa kijiji cha Süthen aliandika mwaka 1725 kwamba akishakufa yeye na wengine watatu, hakuna kijijini atakayejua mbwa anaitwaje kwa Kiwendi, ndiyo lugha hiyo. Ikafa kweli karne hiyohiyo.

Na mkija kuandika, andikeni pia habari za mabasi. Kijijini kwangu basi hufuata ratiba ya shule. Shule zikifungwa, mzee asiye na gari anakaa wiki sita bila kufika sokoni.

Naomba masahihisho ukurasa uleule wa 7, pamoja na ramani ya safu mbili: Elbe kwa rangi ya buluu, mpaka wa 1989 kwa nyekundu, na Dömitz iandikwe jina lake. Nitamkatia bibi kipande hicho nimbandikie ukutani, karibu na dirisha.

Msomaji wenu,
Wendland, Niedersachsen