Tope la mitaro lizolewe, lisirundikwe kando

Mhariri,

Masika yakikaribia, vibarua hutumwa kuzibua mitaro ya Nairobi. Wanachimba kwa bidii, sina ubishi. Tatizo ni kwamba tope, mifuko na chupa huachwa ukingoni mwa mtaro uleule. Mvua ya kwanza ikinyesha, vyote vinarudi ndani. Hapa South B tumeshazoea.

Nilikuwa New York Januari 2016, jiji hilo lilipopigwa na dhoruba ya theluji iliyovunja rekodi. Central Park zilipimwa inchi 27.5, karibu sentimita 70, yaani mtu mzima anazama hadi mapajani. Theluji haina kishindo. Ukichungulia dirishani, magari yaliyoegeshwa yamekuwa vichuguu vyeupe. Jumamosi tarehe 23 mabasi yalisimamishwa saa sita mchana, na kuanzia saa nane unusu magari ya kibinafsi yakapigwa marufuku barabarani. (Sijui makanga wa hapa angeipokeaje amri hiyo!) Jumatatu shule zilifunguliwa.

Kilichonivutia zaidi ni kuona kazi ya kuondoa theluji ikifanywa na idara ya taka. Malori yaleyale ya kuzoa taka hufungwa koleo kubwa la chuma mbele, na taka zenyewe husubiri. Theluji inayokosa nafasi huzolewa, ikayeyushwa kwa mashine, na maji yake yakaingizwa kwenye mabomba ya majitaka. Mwenye nyumba naye hulazimika kisheria kusafisha njia ya wapita kwa miguu mbele ya jengo lake, la sivyo hutozwa faini. Mambo hayakwenda sawa kila mahali: wakazi wa Queens walilalamika vikali kwamba mitaa yao ilisahauliwa. Kila jiji lina Eastlands yake, kama mitaa yetu ya mashariki mwa Nairobi inayosahauliwa.

Najua nitaambiwa New York ina pesa. Sawa, lakini mimi siombi mashine ya kuyeyusha chochote. Malori ya kupeleka taka kwenye jaa la Dandora tunayo tayari. Naomba kikosi cha kuzibua mitaro kisitoke bila lori nyuma yake, na mwanakandarasi asilipwe mpaka tope liwe limeondoka, si limechimbwa tu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipowakumba watu wa Mathare, mto wenyewe ulikuwa umevunja kingo. Siwezi kuulaumu mtaro peke yake. Lakini barabara ya lami inapogeuka ziwa pale mzunguko wa Bunyala baada ya mvua ya saa moja, hapo hatuna mto wa kusingizia.

Kaunti itangaze kabla ya masika: ni wadi gani itazibuliwa lini, na tope lake litamwagwa wapi. Tukiijua siku, sisi wakazi tutatoka kuhakikisha lori limefika.

Mkazi wa South B,
Nairobi