Soko la wakulima Malindi liwe la wakazi kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika ukurasa wako. Siku hizi hapa Malindi, ukikaa kwenye kikao chochote, kiwe cha chama cha akina mama au cha wafanyabiashara, hakosi mtu wa kusema kwamba mji wetu unahitaji soko la wakulima: siku moja kwa wiki, waliolima walete mzigo wenyewe, na wanaokula wanunue kwao bila mtu wa katikati. Wazo hilo naliunga mkono. Wasiwasi wangu ni picha waliyo nayo wengi wanaolisema. Wanaona vibanda vya makuti kando ya barabara ya baharini, vikapu vya ukili, madafu, na mgeni mwenye kofia pana akipiga picha. Soko la namna hiyo litafunguliwa kwa ngoma mwezi Desemba, na ikifika Mei litakuwa limekufa.

Nimepika katika hoteli za hapa miaka mingi kabla sijafungua mkahawa wangu mdogo mtaani Barani, kwa hivyo kalenda ya wageni naijua. Wanajaa kuanzia Desemba hadi Machi, kisha tena Julai na Agosti. Masika yakianza, hoteli kadhaa hufunga milango na wafanyakazi hurudi makwao. Sasa muulize mkulima wa Ganda au Kakuyuni ni lini mboga humzidi nguvu. Ni wakati huo huo wa masika. Mchicha, mnavu, majani ya kunde, kisamvu, vyote vinachipua kwa pamoja. Na mtsunga, ile mboga chungu ambayo mgeni akionja mara moja harudii, lakini Mgiriama akiikosa siku nyingi haoni kama amekula. Mzigo ni mwingi na mgeni hayupo. Tunaokula mwaka mzima ni sisi wa Barani, Maweni, Kisumu Ndogo, Muyeye na Shella.

Tuliangalie embe, maana ndilo linalouma kila mwaka. Nenda Magarini au Marafa msimu mkubwa unapoanza, mwezi wa Novemba hivi. Utakuta dalali alishapita zamani, mti ukiwa bado na maua, akapatana na mwenyewe bei ya mti mzima na kumwachia arubuni. Mwenye shamba alikuwa na karo ya kulipa, angekataaje? Siku ya kuvuna lori linakuja, vijana wanapanda, wanachagua yaliyo mazuri, na yaliyobaki yanaoza chini ya mti na kuzalisha nzi wa matunda. Nzi hao si wa mchezo. Aina iliyotoka Asia iligunduliwa nchini mwaka 2003, na kwa ajili ya nzi wa matunda Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya kuanzia 2014 hadi 2021. Mlango wa nje ukifungwa, maembe yote ya nchi yanasongamana kwenye masoko yale yale ya ndani, na bei ya shambani inashuka hadi mtu anaona heri asivune.

Lori likishapakia linaelekea soko kubwa la jumla la Kongowea, Mombasa, kilomita kama 120. Kuna mwaka nilinunua embe la ngowe hapa hapa Malindi, nikamuuliza mchuuzi limetoka wapi. Akaniambia bila hata kupepesa macho: Kongowea. Yaani embe la kwetu limepanda lori, limelipiwa mafuta, limelipiwa ushuru na makuli, limelala Mombasa usiku mmoja au miwili, likapanda lori jingine kurudi. Gharama zote hizo nimezilipa mimi niliyelila, na aliyepanda mwembe hakuona hata ndururu.

Simtukani dalali. Ana lori, ana simu za wanunuzi, na ana pesa taslimu siku ambayo mkulima hana hata nauli ya kufika mjini. Shida ni kwamba kwa wakulima wengi yeye ndiye mlango pekee. Soko la mara moja kwa wiki halitamwondoa, wala halitanunua lori zima la maembe. Litampa mkulima bei nyingine ya kulinganisha. Mtu aliyeuza kreti tatu mwenyewe mjini hazungumzi na dalali kwa sauti ile ile ya jana.

Tunapenda kuwaonyesha wageni nguzo ya Vasco da Gama, lakini tunasahau kwamba katika karne ya 19, baada ya Sultani Majid wa Unguja kuufufua mji huu miaka ya 1860, Malindi ilijulikana kwa nafaka. Mtama wa hapa ulipakiwa majahazini hadi Arabuni. Jasho lilikuwa la watumwa, na hilo lisemwe kila historia hiyo inapotajwa. Lakini ardhi ni hii hii, na leo tunangoja vitunguu na nyanya kutoka mbali.

Sharti ninaloliona kubwa kuliko yote ni hili: anayeuza awe ndiye aliyelima, au mtu wa nyumbani kwake. New York walipoanzisha masoko yao ya wakulima mwaka 1976, walianza na wakulima 12 katika kiwanja cha kuegesha magari, na sharti la kuuza ulichozalisha mwenyewe wanalishika mpaka leo. Mji wa Bath, Uingereza, ulifuata mtindo huo mwaka 1997. Hakuna aliyengoja jengo. Sisi tumezoea kinyume chake: kwanza mkandarasi, kisha utepe wa kukatwa, kisha popo.

Kulisimamia sharti hilo si kazi ngumu kama watu wanavyodhani. Kamati ya wakulima wenyewe itembelee shamba la kila anayeomba nafasi, ione kilichopandwa, iandike. Anayeleta magunia manane ya pojo na shamba lake ni la robo ekari, aulizwe. Mengine hata hayahitaji kamati. Ukiona viazi mbatata na karoti kwenye meza ya mkulima wa Malindi, kwa joto hili letu, jua Kongowea imekuja kututembelea. Na sisi wanunuzi tuwe tayari kwa hilo: tutakayoyakuta ni ya msimu. Mihogo, nazi, mabamia, biringanya, ndizi, machungwa, korosho, matikiti ya kingo za Sabaki mto ukiwa umetulia. Karoti utaendelea kuinunua kwingine.

Siku napendekeza Jumamosi. Ijumaa watu wana swala, Jumapili wengine wana kanisa. Saa nazo ni muhimu kuliko mapambo. Soko lianze saa kumi na mbili asubuhi na saa nne liwe limekwisha. Anayepika atanielewa. Mchicha uliokatwa alfajiri ukiuvunja bua lake linalia. Wa jana linapinda tu. Ukishapigwa na jua la saa tano, hata ukinyunyiziwa maji na kufunikwa gunia bichi, majani yameshalala na mnunuzi ameshaanza kutaja bei ya huruma. Mgeni wa hoteli saa hizo za mapema bado amelala. Anayetaka kuja, aamke.

Bei ya kuanzia iwe ya mfuko wetu. Mboga ziuzwe kwa mafungu ya shilingi 20 kama tulivyozoea. Maembe, pojo na mihogo zipimwe kwa mizani iliyokaguliwa na kupigwa muhuri, lumbesa isitie mguu pale.

Nimesikia akina mama mboga wakisema soko hili litawaua. Tusiwapuuze. Mama mboga ananikatia sukuma, ananiletea mlangoni saa kumi na mbili jioni, na mwisho wa mwezi ukiwa mbali ananiandika kwenye daftari. Hakuna mkulima wa Jilore atakayenikopesha hadi tarehe 30. Kazi hiyo ni yake na itabaki yake. Wanachohitaji ni kuhakikishiwa nafasi kama wanunuzi: saa ya mwisho mkulima awauzie kwa jumla kilichobaki, wao wapate mzigo wa siku mbili bila kwenda kugombania lori usiku.

Hoteli nazo zije, lakini zije na mifuko ya kununulia. Najua kisingizio chao kwa sababu niliwahi kukitoa mwenyewe nikiwa jikoni kwao: mkulima mdogo hana risiti, na mhasibu hakubali matumizi yasiyo na ankara ya eTIMS, ule mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA. Kisingizio hicho kimepungua nguvu. Mabadiliko ya sheria ya kodi yaliyoanza kutumika mwishoni mwa 2024 yanamwezesha mnunuzi kutoa ankara mwenyewe anaponunua kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayazidi shilingi milioni 5 kwa mwaka. Mhasibu wa hoteli alijue hilo, na kamati iwe na mtu mmoja wa kuwaelekeza wakulima wanaoogopa kutoa namba zao za KRA.

Kwa upande wa serikali, Katiba ya 2010 katika Jedwali la Nne imeweka masoko na leseni za biashara mikononi mwa kaunti, kwa hivyo hatuhitaji kubisha hodi Nairobi. Tunachoomba Kilifi na manispaa yetu ni kidogo: uwanja wa umma wenye kivuli cha miti, mwarobaini tunayo tele, mahali ambapo tuktuk na pikipiki zinaweza kushusha mzigo, bomba moja la maji, choo kinachofunguliwa, na ushuru mmoja tu, unaojulikana mapema. Mkulima akitozwa barabarani, akatozwa langoni, akatozwa tena kwa kukaa chini, Jumamosi inayofuata atamwita dalali, na hatakuwa na kosa.

Wengi wanataka lianze Desemba. Mimi naomba lianze Aprili, mvua ikinyesha, hoteli zikiwa zimefungwa na barabara za Langobaya na Jilore zina tope. Tutajua wiki ya kwanza kama wakulima wanafika na kama wakazi wananunua, bila kudanganywa na pesa za wageni. Barani tupo wapishi kadhaa wenye mikahawa midogo, na tumeshakubaliana kwamba mboga zetu za wikendi tutazinunua pale, kwa pesa taslimu. Anayejua uwanja unaofaa na wenye hati isiyo na mgogoro, aandike tuujue.

Mpishi na msomaji wako,
Barani, Malindi