Ami, usimtegee nyegere sumu

Ami yangu mpendwa,

Shikamoo. Assalaam aleikum. Huku Oxford mimi ni mzima, baridi tu. Nisalimie wote hapo Malindi.

Mama kaniambia nyegere amevunja mizinga yako ya nyuki kule Gede, na majirani wanakushauri utege sumu. Hilo ndilo lililonifanya niandike. Ami, nakuomba usitege.

Mwisho wa wiki huwa najitolea na watu wanaofuatilia melesi, mnyama wa jamaa moja na nyegere, kichwa cheupe chenye mistari miwili myeusi. Hutoka usiku, basi sisi twamjua kwa alama zake. Kwenye tope, wayo wake ni mpana, vidole vitano vimejipanga safu moja, na kucha zimechoma mbele kabisa. Kwenye seng'enge huacha unywele mweupe chini, mweusi katikati, mweupe nchani; ukiuviringisha vidoleni unakwama, kwa kuwa si wa duara. Ninayoipenda zaidi ni kazi ya mipaka. Twachanganya njugu, shira na punje za plastiki za rangi, tukawawekea ili wale, kila makao rangi yake. Siku zinazofuata twakagua vishimo wanamokwenda haja, na rangi inatuambia ukoo gani unafika wapi.

Huku Uingereza sheria ya 1992 inamlinda melesi, lakini tangu 2013 maelfu kwa maelfu wameuawa kwa leseni, kwa sababu huweza kuwaambukiza ng'ombe kifua kikuu. Uchungu wa wafugaji ni wa kweli, kama wako. Ila wapo wanaochagua chanjo: mnyama hunaswa kizimbani kwa njugu, akadungwa BCG, kama watoto wetu, akaachiwa.

Sumu haichagui, Ami. Itaua mbwa, fungo, na ndege watakaokula mzoga. Nyegere hapo karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke anafuata asali na majana, na akikosa pa kukanyaga hawezi kuvunja kitu. Ning'iniza mizinga kwa waya, juu asikofika, mbali na shina, na nguzo uzizungushie bati.

Kwanza lakini hakikisha ni yeye. Jioni lainisha mchanga chini ya mizinga. Asubuhi upige picha ya nyayo, kiberiti kikiwa pembeni nijue ukubwa, unitumie. Pesa za waya na bati nimemtumia Mama kwa M-Pesa. Zikipungua nijulishe.

Mwanao