Simu yangu inalala sebuleni

Mikindani, Mtwara
Jumapili, baada ya alasiri

Somoe shoga yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo. Mama anakusalimu, anasema bado anaisubiri ile kanga uliyomwahidi.

Umeuliza mbona siku hizi ukinitumia ujumbe saa nne usiku jibu unalipata asubuhi. Usidhani nimenuna. Simu yangu inalala sebuleni, mimi nalala chumbani.

Ilianza na blauzi ya mteja. Nilikuwa naunga mkono kwenye cherehani, kope nzito kama zimetiwa mchanga, sindano ikapita kwenye ukucha wa kidole cha shahada. Na huo mkono wa blauzi wenyewe nilikuwa nimeugeuza, ndani nje. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikesha na tamthilia kwenye simu hadi saa nane, sehemu moja ikiita nyingine. Nilipokwenda zahanati kusafishwa kidonda wakanipima na presha: 150 kwa 95. Nina miaka 38, Somoe! Nesi akaniuliza nalala saa ngapi, kabla hata hajagusia chumvi. Niliona aibu kumjibu.

Chumvi nayo nimeipunguza. Unaijua nyumba yetu na papa mkavu. Mtu mzima anashauriwa asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na papa wa sokoni anakuja chumvi imeshamkolea. Sasa namroweka tangu usiku, asubuhi namwaga maji, namroweka tena, ndipo anapata nazi. Mama alilalamika siku mbili. Ya tatu akaongeza ugali.

Ila la usingizi ndilo lililonigusa. Tamthilia sijaacha, na sikubaliani na wanaosema zinaharibu watu. Nakwenda kuangalia kwa jirani, saa mbili hadi saa tatu, kina mama sita mkekani. Huyu anamlaani mama mkwe wa kwenye runinga, yule anamtetea, kahawa inazunguka. Ikiisha, kila mtu kwake. Peke yangu ndani ya chandarua hapakuwa na wa kuniambia basi, kalale.

Halafu ngoma! Mwezi wa saba watoto wa mtaa wa pili walitoka jandoni, Wamakonde wakashusha ngoma zao, nami nikaingia kwenye sindimba. Miaka mingapi sijacheza? Vumbi hadi magotini, kanga imelowa jasho mgongoni. Usiku ule nililala fofofo mpaka adhana ya alfajiri. Mwili uliochoka kwa kucheza haubembelezwi, ukigusa mto umekwenda.

Tangu hapo nikishaswali alfajiri natembea ufukweni nusu saa, siku tano kwa wiki. Maji yakiwa yamekupwa nawakuta kina mama wa pweza na fimbo zao, tunapiga soga kidogo. Juzi nimepima tena: 132 kwa 84.

Wewe uliniandikia kichwa kinakugonga kila ukiamka, na kwamba unazima simu saa saba usiku. Nimeisoma barua ile mara tatu. Nenda kapime presha wiki hii, usingoje kujisikia vibaya zaidi, maana watu wengi wanayo na hawasikii chochote. Ukishapima niandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini.

Mabibo yataanza kuiva mwezi wa kumi. Njoo, tutalala kwetu kama zamani. Uniletee na zipu nyeusi dazeni mbili, huku zimeadimika.

Wako,
Zainabu